Kwa nini upepo hubeba paa, na tulifunge namna gani

Mvua za masika huanza karibu mwezi wa Machi, na mara nyingi haziji peke yake. Zinatanguliwa na upepo, ule wa dakika kumi hivi wenye vumbi na matone makubwa, na ukishapita tunaanza kusikia habari: shule fulani imeezuliwa, kanisa fulani limebaki kuta. Kamati ya ujenzi inakaa, harambee inaitishwa mara ya pili, na uamuzi wa kwanza karibu kila mahali huwa ni huo huo, ati safari hii tununue mabati mazito zaidi.

Kabla ya kununua hayo mabati mazito, tunawaomba mwende kwanza shambani, pale paa lilipoangukia, mkaliangalie vizuri. Likikutwa limelala kama lilivyokuwa juu ya jengo, mabati yote yakiwa bado yamepigiliwa kwenye mbao zake, basi mabati hayana hatia. Misumari ya mabati ilifanya kazi yake. Kilichoachia ni kitu cha chini zaidi, na mkirudisha mabati ya geji 28 mahali pa geji 30 bila kugusa kile kilichoachia, mtakuwa mmeongeza pesa tu wala hamkuongeza nguvu.

Ziko namna kadhaa za paa kuondoka. Pengine bati moja moja linachanika kwenye misumari na kuruka, mbao zikabaki. Pengine bati linaondoka pamoja na pao, yaani zile mbao za kulala ambazo mabati hupigiliwa. Pengine zinaondoka trasi nzima nzima (wenzetu wa Tanzania husema kenchi) na kuacha ule ubao wa juu ya ukuta ambao mafundi huuita wolpleti. Mara nyingine wolpleti nayo inakwenda, na wakati mwingine inabeba mstari wa juu wa mawe. Kila namna inaonyesha ni kiungo gani kilikuwa dhaifu. Kwa hiyo kabla mabaki hayajafanywa kuni, mtu mmoja wa kamati aandike ni wapi palipoachana.

Upepo hausukumi paa tu, unalivuta

Watu wengi wanafikiri upepo unalipiga paa kwa ubavu na kulisukuma mpaka likaanguka. Kwa ukuta ni kweli hivyo. Kwa paa, hasa lenye mteremko mdogo, mambo ni mengine. Hebu angalia lori lililofunikwa turubai likienda mbio barabarani. Utaona turubai halibonyei ndani, linavimba kwenda juu, na kamba zote zinakazwa. Upepo unaopita juu ya kitu kwa kasi unakifyonza kwenda juu. Paa la mabati ni turubai hilo hilo, tofauti ni kwamba hapa lori limesimama na upepo ndio unaokwenda mbio.

Halafu kuna upepo wa ndani. Mlango mkubwa wa kanisa ukiwa wazi upande upepo unakotoka, na upande wa pili pamefungwa, upepo unaingia na kukosa pa kutokea. Unalisukuma paa kutoka chini wakati ule ule ambapo mwingine unalivuta kutoka juu. Nguvu hizo mbili zinajumlishwa. Ndiyo sababu kanisa ambalo bado halijawekwa madirisha, au banda la nguzo na mabati ambalo kuta zake zinangoja pesa za mwaka ujao, liko hatarini kuliko lile lililokamilika. Sisi tuna desturi ya kuezeka mapema ili watu wapate kivuli cha kusalia. Desturi si mbaya, lakini paa la jengo lisilo na kuta lifungwe kwa nguvu kuliko kawaida, wala lisifungwe ovyo kwa sababu ati ni la muda.

Sasa tuje kwenye hesabu, na msiiogope, ni fupi. Chukua kasi ya upepo kwa mita kwa sekunde, izidishe kwa yenyewe, kisha uzidishe kwa 0.613. Unachopata ni msukumo wa upepo kwa kila mita mraba, kwa kipimo cha nyutoni. Ukigawanya kwa 10 hivi unapata kilo. Idara ya Hali ya Anga ikitoa onyo la upepo mkali, mara nyingi hutaja upepo unaozidi noti 25, yaani mita 12.9 kwa sekunde. Hiyo inatoa kama kilo 10 kwa mita mraba. Si kitu cha kutisha. Lakini dhoruba ya radi inaweza kupiga kwa ghafla mita 30 kwa sekunde, ambayo ni kilomita 108 kwa saa, na hapo msukumo unafika kilo 56. Angalieni hapo: kasi haikufika mara tatu, lakini nguvu imezidi mara tano. Upepo ukiongezeka maradufu, nguvu yake inakuwa mara nne.

Paa la kawaida la mabati, pamoja na mbao zake, tuseme lina uzito wa kilo 15 kwa mita mraba. Kutoka geji 30 kwenda geji 28 hakuongezi hata kilo 2. Na yale mawe na matairi tunayoweka juu ya nyumba? Jiwe la kilo 10 linashikilia kilo 10, basi, na upepo ukishalitikisa bati jiwe lenyewe linateremka juu ya kichwa cha mtu. Hatukatai kwamba limesaidia vibanda vingi sokoni, lakini kwa darasa lenye watoto, hapana.

Tuchukue darasa moja la mita 8 kwa 7. Ukiongeza nusu mita ya upenu kila upande, paa linafunika mita mraba 72. Katika upepo ule wa mita 30, pamoja na msukumo wa ndani, tukisema paa linavutwa kwa wastani wa kilo 50 kwa mita mraba, jumla ni kilo 3,600. Uzito wa paa lenyewe unarudisha kilo 1,080. Zinabaki kilo 2,520 ambazo lazima kitu fulani kizishikilie. Ikiwa kuna trasi sita, kila moja ikikaa kwenye ukuta mahali pawili, ni sehemu 12, na kila sehemu inavutwa juu kwa kilo 210. Hayo ni zaidi ya magunia mawili ya mahindi ya kilo 90, yamening'inizwa kwenda juu. Sasa jiulize, pale kwenye ukuta wa shule yenu, magunia hayo mawili yameshikwa na nini? Mara nyingi jibu ni misumari miwili ya inchi nne iliyopigwa kwa mshazari.

Msumari una tabia zake

Msumari una nguvu sana mbao zikitaka kuteleza juu yake ubavuni, kwa sababu hapo inabidi chuma kipindwe au mbao ipasuke. Lakini ukivutwa kinyumenyume, kule ulikotoka, kinachoushika ni mkwaruzo wa mbao tu. Mbao ya saiprasi iliyopigwa ikiwa mbichi inakauka, inasinyaa, na ile nguvu ya kushika inapungua. Na msumari uliopigwa kwenye kichwa cha ubao, yaani kufuata nyuzi za mti, unatoka kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo siri ya kazi hii ni kupanga viungo ili upepo ukivuta, usivute msumari kwa mkia.

Namna rahisi ni ule ukanda mwembamba wa chuma, uliotiwa zinki, unaouzwa kwa roli katika hadiwea. Unapitishwa juu ya trasi, unashuka pande zote mbili, unapigiliwa ubavuni mwa mbao kwa misumari mitatu minne kila upande. Hapo upepo ukivuta, misumari inakatwa ubavuni, mahali ilipo na nguvu. Kama ukanda haupatikani, waya nene ya geji 8 iliyotiwa zinki, iliyozungushwa mara mbili na kukazwa kwa koleo, inafaa pia. Lakini ile waya nyembamba ya kufungia vyuma vya konkriti haifai. Ukiiangalia inaonekana imefungwa, lakini uzi wake ni mwembamba na kutu inaumaliza kwa misimu michache, hasa huku Pwani penye hewa ya chumvi.

Pao nazo zifungwe kwenye trasi kwa njia hiyo hiyo. Hapa ndipo mafundi wengi husahau. Trasi inafungwa vizuri ukutani, bati linapigiliwa vizuri kwenye pao, lakini pao yenyewe imelazwa juu ya trasi na kupigwa msumari mmoja kutoka juu, unaovutwa moja kwa moja kwa mkia. Kipande kidogo cha mbao kilichopigiliwa ubavuni mwa trasi na ubavuni mwa pao kinasaidia sana, na vipande vya namna hiyo viko vimetupwa chini kila penye ujenzi.

Kuhusu mabati yenyewe, kuna somo kubwa lililotoka mbali, Darwin, kaskazini mwa Australia. Tunalileta hapa kwa sababu nyumba nyingi zilizobomoka kule zilikuwa na paa kama zetu, mabati membamba juu ya mbao. Usiku wa mkesha wa Krismasi mwaka 1974 kimbunga kilichoitwa Tracy kiliupiga mji huo. Kipimo cha upepo cha uwanja wa ndege kilisoma kilomita 217 kwa saa, kisha chenyewe kikaharibika. Nyumba nyingi za mji ziliharibiwa. Mhandisi George Walker aliyetumwa kuchunguza alitoa taarifa yake mwaka 1975, na jambo moja lililoonekana ni kwamba skrubu na misumari mara nyingi zilikuwa bado ziko mahali pake kwenye mbao. Ni bati lililopasuka kuzunguka kichwa cha skrubu. Bati lilikuwa limepigwa likapanda na kushuka, likapanda na kushuka, kwa saa nyingi, mpaka likafanya ufa, kama vile unavyokunja kifuniko cha mkebe huku na huku mpaka kinakatika. Tangu hapo mabati ya sehemu zile yakaanza kujaribiwa kwa kuvutwa na kuachiliwa maelfu ya mara, na washa pana zikawekwa chini ya vichwa vya skrubu.

Sisi hatuna vimbunga vya namna hiyo, tumshukuru Mungu. Lakini bati linalopiga kelele kila upepo ukivuma, lile ambalo watu wa nyumba wamekwisha lizoea, linafanya kazi ile ile pole pole, mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo msumari wa mabati uwe na kichwa kipana, upigwe kwenye mgongo wa bati, na washa yake ikae sawasawa. Katikati ya paa unaweza kupiga mgongo mmoja na kuruka mmoja. Kwenye upenu, kwenye kipeo cha paa na kwenye kingo za pembeni piga kila mgongo, wala usimsikilize anayesema unapoteza misumari. Kule ukingoni na kwenye pembe, mfyonzo wa upepo unaweza kuwa mara mbili ya katikati. Ndiyo maana paa huanza kufunguka kwenye pembe. Kona moja ikiinuka, upepo unaingia chini yake na zilizobaki zinafuata. Kwa sababu hiyo pia pao za mwisho zikaribiane zaidi, na upenu usitoke sana nje. Nusu mita inatosha. Baraza ya mbele, ile ya watu kuota jua na kungojea mvua ipite, iwe na paa lake peke yake chini ya lile kubwa. Ikichukuliwa na upepo, iende yenyewe bila kuburuta jengo zima.

Mnyororo lazima ufike chini

Tuseme sasa bati limeshikwa na pao, pao na trasi, trasi na wolpleti. Wolpleti imeshikwa na nini? Kama imelazwa juu ya mawe na kutiwa simiti kidogo, haijashikwa. Ziwepo bolti au kanda za chuma zilizozikwa ndani ya ukuta wakati wa kujenga, na zizikwe kina cha kutosha. Ukanda ukishuka mstari mmoja tu wa mawe, upepo utanyanyua huo mstari mmoja. Ukuta wa mawe wa unene wa sentimita 20 una uzito wa kama kilo 400 kwa mita mraba, kwa hiyo uzito wa kuzishinda zile kilo 210 uko, tatizo ni kuukamata. Shuka mistari mitatu au minne, na chini kule ukanda ukunjwe upite chini ya jiwe au uzunguke kipande cha chuma cha kulala.

Kilicho bora zaidi ni mkanda wa konkriti wenye vyuma unaozunguka jengo lote juu ya kuta. Mkanda wa sentimita 20 kwa 20 una kama kilo 96 kwa kila mita, na faida yake kubwa si uzito huo. Ni kwamba unaushika ukuta wote kuwa kitu kimoja, hata upepo ukivuta sehemu moja inabidi uvute na majirani zake. Bolti za wolpleti zifungwe kwenye vyuma vya mkanda kabla ya konkriti kumwagwa. Kuzichomeka baadaye wakati konkriti imekwisha anza kukaza ni kujidanganya.

Kwa nyumba za udongo na fito, ukuta hauwezi kushika kitu, basi ukanda au waya ishuke kwenye nguzo yenyewe. Nguzo nayo iwe imeingia chini ya ardhi angalau hatua moja ndefu, ikiwa na kipande cha mti kilichopigiliwa kwa upana kule chini mfano wa msalaba, ili isichomoke kama karoti. Na ikaguliwe mchwa. Wengi wetu tunapenda kuhubiri juu ya yule mtu aliyejenga nyumba juu ya mwamba, na ni sawa kabisa, lakini mafundi wamelishika neno la msingi na kusahau kwamba katika mfano ule upepo nao umetajwa.

Na je, paa la konkriti?

Kamati kadhaa zimeuliza: kama tatizo ni wepesi wa mabati, kwa nini tusifanye paa la slabu, na hasa lile la kisasa tunaloliona mjini? Mnalolisema ni lile ambalo mabati manene yenye mikunjo mikubwa hulazwa juu ya mihimili ya chuma, halafu konkriti inamwagwa juu yake, na bati linabaki pale chini siku zote kama sehemu ya slabu. Mafundi wa mjini wanaliita deki. Swali ni zuri na linastahili jibu kamili.

Konkriti ya kawaida ina uzito wa kilo 2,400 kwa mita moja ya ujazo. Slabu yenye unene wa wastani wa sentimita 10 ina kilo 240 kwa kila mita mraba. Linganisha na mfyonzo wa kona ya paa katika upepo ule wa mita 30, ambao ukijumlisha na msukumo wa ndani unaweza kufika kilo 125 hivi. Kwa hiyo ni kweli, uzito peke yake unaweza kulishinda vuta la upepo. Lakini wahandisi hawahesabu uzito wote. Kwa kanuni moja inayotumika sana Marekani, uzito unapotegemewa kushikilia paa dhidi ya upepo, huhesabiwa sehemu sita tu katika kumi, kwa sababu hakuna ajuaye kama fundi alimwaga sentimita 10 kweli au alimwaga 8. Sita ya kumi ya 240 ni 144. Imebaki juu ya 125, lakini kidogo tu. Mtu anayedhani slabu ni mlima usiotikisika, ajue kwamba pembeni kabisa nafasi iliyobaki si kubwa.

Tena kuna konkriti nyepesi, ile inayochanganywa na povu au kokoto za volkano ili paa lisipitishe joto. Nyingine hazifiki hata robo ya uzito wa konkriti ya kawaida. Slabu ya sentimita 10 ya namna hiyo yaweza kuwa kilo 50 tu kwa mita mraba, na hapo upepo wa kona unaishinda waziwazi. Paa kama hilo lazima lishikwe kwa viungo, yaani bati la deki lichomelewe au lipigwe skrubu kwenye kila mhimili, na mihimili ifungwe kwenye nguzo, kama vile mnyororo wa mabati ya kawaida.

Jambo la tatu ni siku za ujenzi. Deki kabla ya kumwagiwa konkriti ni bati tupu, pana, lililolala bapa kule juu. Hilo ni tiara. Uzito wote tunaoutegemea bado umo kwenye magunia ya simiti kule stoo. Bati la deki lililopandishwa asubuhi lifungwe kabla ya jioni, na yale yaliyobaki yasiachwe yamerundikwa juu bila kamba. Wafanyakazi wameumia kwa mambo madogo kama haya.

La nne ni la mhandisi, ila kamati yafaa ilijue. Slabu imepangwa kubeba mzigo unaokwenda chini, kwa hiyo chuma chake kikuu, ambacho ni deki yenyewe, kiko upande wa chini. Upepo ukiivuta juu kuliko uzito wake, slabu inapinda kinyume, na upande wa juu ndio unaotaka kufunguka. Konkriti ikivutwa bila chuma hupasuka kama biskuti. Ndiyo kazi mojawapo ya wavu wa BRC unaowekwa karibu na uso wa juu, hasa pale slabu inapotokeza nje ya ukuta. Ukiona fundi ameutupa chini kabisa, umelala juu ya bati bila kuinuliwa, mwambie asimame kwanza.

Mwisho ni swali la nani atabeba. Paa letu la darasa la mita mraba 72 ambalo kwa mabati lina tani moja hivi, kwa slabu litakuwa na zaidi ya tani 17. Kuta za matofali ya udongo, au za mawe zilizojengwa kwa mchanga mwingi na simiti ya kuhesabu, haziwezi mzigo huo, na upana wa mita 7 unahitaji mihimili ya chuma iliyopigiwa hesabu. Na tetemeko likija, uzito ule ule uliosaidia wakati wa upepo unageuka kuwa adui, kwani ukuta ukiyumba tani 17 zinakuja chini. Kwa jengo la ghorofa mjini, lenye michoro na mhandisi aliyesajiliwa, deki yenye konkriti ni paa zuri. Kwa darasa la kijijini au kanisa la kigango, maoni yetu ni kwamba pesa hizo zitoe mkanda wa konkriti juu ya ukuta na kanda za chuma kwenye kila trasi, na zitakazobaki zinunue madawati.

Kwa majengo yaliyokwisha ezekwa

Hakuna haja ya kubomoa. Panda darini mchana wenye jua, na tochi. Anza na pembe nne za jengo, kwa sababu ndizo zinazoanza kuachia. Tazama kama trasi imefungwa au imekalia tu wolpleti. Toboa ukuta chini ya mkanda, au mistari mitatu minne chini ya wolpleti, pitisha ukanda wa chuma, uuzungushe juu ya trasi na kuupigilia ubavuni, kisha uzibe tundu kwa simiti. Fundi na msaidizi wake wanaweza kumaliza darasa moja kwa siku chache bila kuondoa bati hata moja. Halafu juu ya paa, badilisha misumari iliyolegea. Usiigongee tena katika tundu lile lile, piga mpya pembeni kidogo au tumia skrubu yenye washa ya mpira, na tundu la zamani uzibe. Kazi hii ifanyike Januari au Februari, kabla ya masika, na tena Septemba kabla ya mvua za vuli.

Kwa jengo jipya, mweka hazina wa kamati asitoe malipo ya mwisho ya fundi wa paa kabla wazee wawili hawajapanda ngazi na kuhesabu kanda, moja kwa kila mahali trasi inapokalia ukuta. Ukaguzi huo ufanywe kabla ya silingi kupigwa, kwa sababu silingi ikishapigwa itabidi ing'olewe ndipo mtu aone kama ukanda uko au hauko.